Tisini na Mbili kwa Mia

Mimi sikumpenda wifi yangu haraka, nisikudanganye. Kaka yangu Casimir alipomleta Madeleine nyumbani kwetu Katuba, nilimtazama juu mpaka chini nikasema moyoni, huyu mwenye vidole vyembamba namna hii atasonga bukari ya watu wangapi? Alikuwa Muluba wa Kasai, amesoma kwa watawa, Kifaransa kinamtoka bila kutafuta. Sisi ni watu wa hapahapa, baba yetu alilima mihogo upande wa Kinsevere. Basi tuliishi. Mume wangu alipofariki nikahamia kwao, chumba cha nyuma, na kila asubuhi naenda soko kuuza bitoyo, wale samaki wa chumvi, jioni narudi miguu imevimba.

Mwaka wa pili wa Katanga kuwa nchi peke yake, sitini na moja, ndipo mambo yalipoingia mpaka ndani ya nyumba. Watu wa Kasai walianza kuonyeshwa vidole, kisha wakaanza kukimbia. Maelfu walikwenda kulala chini ya maturubai kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, na ndugu zake Madeleine wote walikuwa humo. Yeye alibaki kwa ajili ya mume na watoto, lakini alibaki ndani. Soko haendi, misa haendi. Maji alikwenda kuchota alfajiri kabla watu hawajatoka, akarudi amefunika kitambaa mpaka kwenye nyusi. Shule ya mtaa ikafungwa mwezi huohuo wa Septemba, na baada ya wiki mbili niliona watu wamebeba madawati yake kwenda kupikia.

Watoto walikuwa watatu. Claudine alikuwa na miaka kumi na miwili, amemaliza darasa la nne, alikuwa aanze la tano. Chanda, mvulana, minane. Angélique sita. Madeleine akasema hawatakaa bure, masomo yatafanyika hapa, kwenye meza ya jikoni. Casimir alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, juma moja mchana, juma moja usiku, na akirudi hakuwa na neno la kumwambia mtu. Alichangia penseli moja nyekundu, akalala.

Nakwambia ilikuwa kazi. Sijui kama wewe umewahi kufundisha watoto wako mwenyewe, wanaokujua mpaka unavyokoroma. Huyu anataka kunywa maji, yule kamfinya mwenzake, chungu kinachemka, nguo zimelowekwa, na juu ya paa ndege zinapita kwenda uwanja wa Luano moja baada ya nyingine, na Chanda lazima atoke kuzihesabu. Madeleine alimwacha azihesabu. Akamwambia, "Andika. Asubuhi ngapi, mangaribi ngapi, unitolee tofauti." Jiografia ilikuwa balaa peke yake, maana hakuna aliyejua aseme nchi yetu inaitwaje na mji mkuu wake ni upi, na kusema vibaya kungeweza kukuletea watu mlangoni. Madeleine akafikiri, akasema watafundishwa mito tu. Mito bado ilikuwa palepale.

Alichoka mpaka alilala amekaa. Siku moja aliwasomea imla, akafika katikati ya sentensi, kichwa kikaanguka kifuani. Watoto watatu wakamngoja, kalamu hewani, kimya. Alipozinduka na kukusanya madaftari, akakuta Chanda ameandika mwisho wa sentensi, kwa mwandiko safi: mama analala, kituo. Alimpa alama zote. Nilimsikia akicheka kutoka chumbani kwangu, na nikakasirika, maana mimi nilikuwa nimechoka vilevile na sikuwa na cha kunichekesha.

Halafu Desemba askari wa Katanga na wa Umoja wa Mataifa wakapigana. Siku kumi tulilala chini ya vitanda, mabomu yanaanguka mtaa wa pili, vumbi linatumwagikia usoni. Kulipotulia, Chanda na Angélique walitoka chini ya kitanda wakaomba chakula. Claudine naye alitoka, akalala juu ya mkeka, akageukia ukuta. Kesho yake hakuamka, na kesho kutwa vilevile. Ukimwinua anakaa, ukimwachia analala tena. Homa hakuwa nayo. Bwana wa zahanati alimshika paji la uso akauliza, mtoto anakula? Anakula kidogo. Basi mushukuru Mungu, akasema, akaondoka.

Na habari ikaja wakati huohuo. Watawa wa mjini, tuliowaita masœur, watafungua darasa moja tu mwezi wa tatu, la sita la wasichana. Nafasi ishirini. Kutakuwa na mtihani, na anayetaka aje. Madeleine aliisikia habari hiyo akamtazama Claudine pale mkekani, nami nikaelewa sawasawa anawaza nini. Msichana asiyeingia mwaka ule atakuwa na miaka kumi na mitatu, kumi na minne, shule ikifunguliwa vizuri. Nani atamweka dawatini na watoto wadogo? Atakwenda soko. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa na mahali pake tayari, pembeni yangu, nyuma ya bitoyo. Miguu yangu ilimhitaji. Nilimpenda Claudine, na nilitaka ashindwe. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu.

Sasa sikia alichofanya Madeleine. Kwetu huku mwisho wa mwaka wa shule haunong'onwi. Kuna proklamasio. Mkuu wa shule anasimama uani, anasoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila jina na alama zake kwa mia. Wazazi wamejaa mpaka ukutani. Mtoto akifaulu, mama zake wanamrukia wakamwaga poda kichwani na shingoni, anarudi nyumbani mweupe ili mtaa wote ujue. Madeleine akaamua kufanya proklamasio kila Jumamosi, jikoni, kwa wanafunzi watatu, na mmoja wao amelala.

Jumamosi ya kwanza nilirudi soko nikakuta Chanda na Angélique wamesimama mikono nyuma, nywele zimechanwa. Madeleine ameshika karatasi, nyuma ya kalenda ya zamani, anasoma kuanzia wa mwisho. "Wa tatu: Angélique, hamsini na tano kwa mia!" Poda. "Wa pili: Chanda, sitini na saba kwa mia!" Poda. Kisha akasogea mpaka kwenye mkeka, akasema kwa sauti ileile ya mkuu wa shule, "Wa kwanza: Claudine, themanini kwa mia!" Mtoto alikuwa ameandika mistari mitatu juma zima, amelala ubavu. Mama yake akammwagia poda palepale alipolala. Ikamwingia puani, akapiga chafya, mara mbili, mara tatu, na wadogo zake wakaanza kucheka, naye akacheka. Wiki tatu sikuwa nimeyaona meno yake.

Jumatatu aliamka.

Tangu hapo haikusimama. Themanini na nne, themanini na nane, tisini na mbili. Poda ikaisha katikati ya Januari, na Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango nikaona kitu kilichonitoa roho. Madeleine ameshika kopo la unga.

"Aka! Mama Claudine!" nilipiga kelele. "Ile bunga njo ya jioni! Unaimwanga ku bichwa ya batoto, sisi tutakula nini, kelele?"

"Yaya," akaniambia kwa upole, maana ndivyo alivyoniita, kama mtu anavyomwita mkubwa wake, "beseni iko hapa. Banainama. Bunga yote inarudia."

Na kweli, waliinamia beseni mmoja mmoja kama wanabatizwa, wakapangusana nywele, unga ukarudi, ukachekechwa, ukasongwa. Tulikula ile bukari. Niliikuta na unywele mmoja, nikautoa nikauweka mezani mbele ya wifi yangu bila kusema neno. Casimir alicheka mpaka akakohoa. Nadhani hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka mwaka ule.

Lakini mimi niko soko miaka kumi na tisa, hesabu huniibii. Jioni moja ya Februari nilimwita Claudine. "Bitoyo kumi na mbili," nikamwambia. "Moja juu ya tatu nimempa Mama Kabwe. Ninabaki na ngapi?" Mtoto aliwatazama samaki, akatazama dari. Akasema tano, wakati ni nane, kwa uso mkunjufu kabisa. Yo! Nilikwenda moja kwa moja uani, ambako Madeleine alikuwa anafua.

"Ile tisini na mbili unaitoa wapi?"

"Yaya, wacha."

"Siwache! Mutoto hajue kugawa samaki, na weye unamupa tisini na mbili. Unamudanganya. Atafika kule kwa masœur, atapata haya mbele ya bantu."

Hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imemenyeka kwa sabuni, vidole vile vyembamba, vyekundu kwenye viungo. "Unakumbuka alivyolala?" akasema. "Mutoto mwenye kulala, namufundisha nini? Aamuke kwanza." Akaendelea kufua. Nikamwambia tutaona, nikaingia ndani. Yeye alibaki pale, amechoka, ana nguo za watu sita mbele yake na somo la mchana bado.

Siku ya mtihani nilimpeleka Claudine mimi, maana mama yake hatoki. Njia nzima aliimba. Alirudi anasema ilikuwa rahisi, ameandika mpaka mwisho, hakuacha hata swali moja. Madeleine alimkumbatia, kisha akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto, na nikaona anaogopa. Nilidhani anaogopa kwa sababu anajua alidanganya alama. Sikujua bado.

Matokeo yalisomwa Ijumaa uani kwa watawa. Madeleine akasema anakwenda. Casimir akamkataza, mimi nikamkataza, akafunga kitambaa chake akatangulia mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea barabarani mchana tangu Septemba. Alitembea akiangalia vidole vya miguu yake, mkono mmoja umeshika wa Claudine, mwingine ndani ya kitenge, na nilijua ameshika nini humo. Alikuwa na kopo la unga. Nilitaka kumnyang'anya, lakini nikaliacha.

Wasichana walikuwa hamsini na wanne. Claudine alisimama mstari wa mbele, na nikamsikia akimwambia mwenzake, "Mi nitapata tisini." Masœur akaanza kusoma. Wa kwanza, sabini na nane. Vigelegele, poda. Wa pili, sabini na tano. Claudine akageuka akatuangalia, bado anatabasamu, kama anayesema inakuja. Wa kumi. Wa kumi na tano. Wa ishirini, sitini kamili, na hapo nafasi zikaisha. Lakini masœur hakuacha kusoma, desturi ni kusoma mpaka mwisho. Mtoto akaendelea kusimama wima, tabasamu limebaki usoni ila macho yameondoka. Wa thelathini na tisa. "Claudine, arobaini na moja kwa mia."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka kidogo. Hakuwa na ubaya, alikuwa anamcheka mtoto wake mwenyewe. Lakini ningeweza kumpiga.

Nilipata nilichokuwa nakitaka, na sikukitaka tena. Tukarudi watatu, hata jua lilitukera. Masœur alikuwa amewarudishia karatasi zao za mtihani, na Claudine aliishika yake imekunjwa mara nne. Karibu na mtaa wetu alisimama.

"Mama. Zile tisini na mbili zilikuwa za nini?"

Madeleine naye akasimama. Watu walikuwa wanapita, baadhi wanamtambua, mmoja aligeuka kabisa kumwangalia, na yeye aliyejificha miezi sita hakujali tena. "Zilikuwa za kuamka," akasema. "Kila siku ulikuwa unaamka."

"Na hesabu?"

Nilidhani atasema alimhurumia. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kumtayarishia hilo jibu.

"Hesabu ile ya kugawa-gawa, moja juu ya tatu, mbili juu ya tano," akasema polepole, "mi sikuisoma. Banatuambia ni mwaka ya tano, na mi banitoa ku masomo mwaka ya ine, mama yangu aliugua. Nilikuwa naangalia tu kama umeandika vizuri."

Mungu wangu. Kaka yangu alitamba mtaa mzima kwamba mke wake amemaliza la sita, na mke akaubeba uongo ule miaka kumi na mitatu, akaufundishia. Ningekuwa na nguvu ningefoka. Nilimtazama tu yule mwanamke, amesimama juani na kopo la unga ndani ya kitenge, hajui afanye nini na mikono yake, na nikamwonea huruma. Claudine alitangulia nyumbani, akalala juu ya mkeka, akageukia ukuta. Jumamosi ile hakukuwa na proklamasio. Jumapili Madeleine alipika, akafua, akakaa mlangoni na mikono mapajani, na hata mimi sikuwa na moyo wa kutaja soko.

Jumatatu niliamka kabla ya king'ora cha kazini. Nikapita jikoni nikitegemea kuukuta mkeka na mtoto juu yake. Claudine alikuwa mezani. Ameikunjua ile karatasi ya mtihani, ameipiga pasi kwa kiganja, masahihisho ya masœur mekundu kila mahali. Mama yake akaingia na ndoo ya maji.

"Mama, leo unakaa huku," akamwambia, akionyesha benchi, pembeni ya Angélique. "Masœur ameandika jibu, lakini hajaandika njia. Tutaitafuta."

Madeleine aliweka ndoo chini akakaa. Juma zima walitafuta. Jioni ya Jumatano walinikatia bitoyo wawili vipande vipande ili waone moja juu ya tatu, hasara tupu, na sikusema kitu. Nilisema, lakini kidogo. Nikawaonyesha mimi mwenyewe ninavyogawa, na Madeleine akaniuliza mara tatu jambo lilelile, bila aibu, mpaka nikamwambia wewe mama ni mgumu kuliko wote. Akaniambia najua, Yaya, niambie tena.

Nisikuchoshe na marefu. Mwezi wa tisa watawa walipokea tena, Claudine akapata sitini na tatu, akaingia, na nyuma ya bitoyo nimekaa peke yangu mpaka leo. Siku hiyo tulifurahi kama watu wote. Lakini nikimkumbuka wifi yangu nakumbuka Jumamosi ya juma lile la Machi, nilipofika kutoka soko saa tisa mchana, nikakuta wamesimama watatu mikono nyuma, na mmoja wao ni mtu mzima.

Claudine ndiye aliyeshika kalenda. "Wa kwanza: Angélique, sabini kwa mia!" Angélique akaruka. "Wa pili: Chanda, sitini na mbili!" Akaishika kalenda kwa mikono miwili. "Wa tatu: Claudine, thelathini na nane kwa mia." Alilisoma jina lake mwenyewe bila kupunguza sauti. "Wa ine, na wa mwisho: Mama Madeleine, thelathini na moja kwa mia."

Hakuna aliyecheka. Madeleine alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mvua za mwaka jana. Akauliza kwa sauti ndogo, "Iko ya kweli?"

"Ya kweli, mama. Nilihesabu mara mbili."

Akajifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika. Nikasema basi, tumemmaliza mtoto wa watu. Nikamshika, kumbe analia na kucheka vyote pamoja, machozi yanafika kidevuni. "Yaya, unasikia?" akaniambia. "Thelathini na moja. Iko ya kweli."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu yote miwili inawaka moto, lakini nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza ni mtoto gani amefaulu. Nikamwambia ni mama yao.